Kopo la Unga wa Ukuta: Kisa cha Nyumba ya Makumbusho Mji Mkongwe

Nyumba inayoelezwa hapa ipo Mji Mkongwe, Unguja. Jina lake, mtaa wake, familia iliyoijenga na wafadhili wa matengenezo vimeachwa makusudi, na mambo machache ya mpangilio wa ndani yamegeuzwa ili isitambulike. Nilikuwa mmoja wa washauri wa ujenzi. Baadhi ya makosa yanayosimuliwa humu ni yangu.

Usuli

Ni nyumba ya mawe ya orofa tatu, ya chini ikiwemo. Ilijengwa na wafanyabiashara katika robo ya mwisho ya karne ya 19, miaka ambayo Sayyid Barghash (aliyetawala 1870 hadi 1888) na waliomfuata walikuwa wakiubadilisha mji kwa majumba makubwa. Katikati kuna ua wa wazi, mbele kuna mlango wa kuchonga na baraza mbili. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko: mita 2.5 hadi 3 hivi, zaidi ya hapo boriti haifiki au inapinda. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hushindiliwa zege la chokaa. Sakafu ya namna hii ni nzito mno. Uzito wote hushukia ncha za boriti, na ncha zimezikwa ndani ya ukuta.

Ukuta wenyewe una unene wa nusu mita na ushei: matumbawe yaliyopangwa bila mraba, yakishikwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Huo si ukuta wa kuzuia maji. Hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa kiangazi, na chokaa laini iliyopakwa juu yake hupitisha mvuke kama nguo ya pamba. Kwa hiyo ukuta wa mawe kulowa si habari. Habari ni ukuta uliokosa pa kukaukia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji zilipita mikononi mwa serikali, zikagawanywa vyumba na kukaliwa na familia kadhaa. Hii nayo ilipita huko. Kila familia iliongeza lake: sinki hapa, choo pale, bomba lililotobolewa ukutani na kufukiwa. Paa la chokaa lililokuwa juu, bapa, lilishafunikwa kwa paa la bati, na mvua yote ya bati ikaelekezwa kwenye pembe mbili za nyumba.

Mji Mkongwe ulipoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, hamu ya kufungua nyumba za kale kwa wageni iliongezeka. Yetu ilitengenezwa miaka kadhaa baadaye. Kabla ya kufunguliwa, kuta za chini zilionekana na madoa ya unyevu, zikapigwa lipu ya simenti mpaka mita 1.5 kutoka sakafuni, kisha rangi ya plastiki juu yake. Picha za siku ya ufunguzi zinapendeza kweli. Orofa ya chini ilipewa maelezo ya biashara ya karafuu na pembe, ya kati ikawa sebule ya wageni, ya juu ikawa chumba cha kulala chenye samadari (kitanda kikubwa cha kuchonga), masanduku ya njumu na kabati la vyombo vya kaure.

Mfuatano wa matukio

Jambo la kwanza lilikuwa unga. Mwaka wa pili baada ya kufunguliwa, juu kidogo ya mstari wa simenti, rangi ilianza kuvimba na kupasuka kama ganda la yai, na chini yake ukatoka unga mweupe wenye chumvi. Msimamizi wa nyumba, mzee aliyekuwapo tangu siku za wapangaji, aliufagia kila asubuhi kabla ya saa tatu, wageni wasiukute. Aliufagia kwa zaidi ya miaka mitatu. Nilipokuja kumuuliza, alinijibu bila wasiwasi wowote.

"Babu, huu unga unatoka kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Ukuta unajipukuta, mimi nafagia. Masika unazidi."

"Ulimwambia mtu?"

"Kuna mtu hajui kama ukuta wa mawe unapukutika?"

Alikuwa na haki. Hakuna aliyemwomba apime, aliombwa usafi.

Jambo la pili lilikuwa vikombe. Katika chumba cha juu, kundi la wageni likiingia, vikombe vya kaure kabatini vililia: kli, kli, kli. Kijana mtembeza wageni alilitumia jambo hilo kuchangamsha watu. "Mnasikia? Nyumba inawasalimu." Wageni walicheka, wengine wakaruka kidogo kwa visigino ili wasalimiwe tena.

Jambo la tatu lilikuwa mlango wa chumba hicho hicho, ubao mzito wa msaji. Ulianza kukwaruza sakafu na kuchora upinde mweupe kwenye chokaa. Seremala aliitwa, akaranda chini ya ubao, ukafunguka vizuri. Miezi minane baadaye ukakwaruza tena, akaranda tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya meli ya watalii. Makundi mawili yalikutana orofa ya juu, watu 40 hivi katika chumba ambacho familia iliyokijenga pengine haikuwahi kuingiza watu kumi kwa pamoja. Vikombe havikulia kli kli. Vililia mfululizo, na kimoja kikatembea mpaka ukingo wa rafu. Mtembezaji aliacha mzaha. Aliwaomba wageni watoke mmoja mmoja, akisingizia kwamba chumba kinachofuata ni kidogo, akafunga mlango, akampigia simu mkuu wa nyumba. Uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki ulitolewa na mtu ambaye hakuwa na mamlaka ya kutoa uamuzi wowote.

Tulifika siku iliyofuata. Chini ya chumba kile, kwenye dari ya sebule, tuliona ufa unaofuata ukuta wa pembeni. Fundi mkuu alipanda ngazi, akachomeka bisibisi penye ncha ya boriti. Iliingia mpaka mpini. Alipoichomoa ilitoka na kitu cheusi chenye majimaji, mfano wa kahawa iliyobaki chini ya dele.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza lilikuwa kufunga au kutofunga. Msimu wa wageni, Juni mpaka Oktoba, ulikuwa mlangoni, na mapato ya tiketi ndiyo yaliyolipa mishahara. Upande mwingine, kila aliyekaa mezani alikuwa na Beit el-Ajaib kichwani. Jumba lile la 1883, lenye nguzo za chuma na mnara wa saa, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hakuna aliyehitaji kulitaja kwa sauti. Tuliamua kufunga orofa ya juu kabisa, na kuruhusu watu 12 kwa wakati mmoja orofa ya kati, upande wa pili wa ua. Namba 12 haikutoka kwenye hesabu. Hatukujua hali ya boriti, kwa hiyo hapakuwa na cha kupigia hesabu. Tulichagua idadi ambayo mtembezaji mmoja anaweza kuiona yote kwa jicho moja na kuitoa haraka.

La pili, kuegemeza. Hapa nilikosea. Nilielekeza mirunda isimamishwe sebuleni chini ya boriti zilizooza, ikikaa juu ya mbao sakafuni. Fundi mkuu aliitazama kazi kwa muda, akaniuliza kwa upole: "Mhandisi, na hii sakafu ya sebule imeshikwa na nini?" Ilishikwa na boriti nyingine, ncha zake zikiwa ndani ya ukuta ule ule. Nilikuwa nimehamisha mzigo kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Jioni ile mirunda ilirefushwa, ikasimamishwa pia orofa ya chini kwa mstari mmoja wima mpaka ardhini. Tuligandisha vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa kwa plasta, tarehe ikaandikwa pembeni, ili ufa ukiendelea kufunguka kioo kivunjike.

La tatu lilikuwa simenti. Hoja ya kuiondoa ni rahisi kueleza. Simenti ni ngumu na nzito kuliko ukuta wa matumbawe, haipitishi mvuke vizuri, hivyo maji yaliyomo ukutani hupanda mpaka yapate pa kutokea. Yanapotoka huacha chumvi, chumvi hujikusanya kuwa fuwele, fuwele husukuma na kuvunja. Ndiyo sababu unga ulitoka juu ya mstari wa simenti na si chini yake. Tulikubaliana iondolewe. Fundi alikataa nyundo ya umeme na alikataa kuibandua yote kwa mpigo. "Ukuta umeshazoea kuvaa koti. Ukimvua ghafla atamwagika." Ikatolewa kwa tindo na nyundo ya mkono, vipande vya upana wa mita moja, kuanzia juu.

Kufikia hapo tulikuwa sawa. Kilichofuata ndicho kilichotugharimu. Fedha za matengenezo zilikuwa na sharti la kutumika kabla ya mwaka wa fedha kuisha, tarehe 30 Juni, na zilikuwa na mstari mmoja tu: lipu ya kuta za chini. Hapakuwa na mstari wa kutafuta maji yanatoka wapi. Tulijiambia kwamba chanzo kinajulikana, ni mvua ya bati inayomwagika kwenye pembe, tukabadilisha mabomba ya paa na kusafisha gata. Kisha mwezi Mei, katikati ya masika, tukapiga lipu mpya ya chokaa. Sikatai kwamba nilijua Mei si mwezi wa chokaa. Chokaa haikauki tu, hurudi polepole kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ukuta uliojaa maji hauipi nafasi hiyo. Nilisaini.

La nne lilihusu sakafu ya juu. Palikuja pendekezo la kutoa boriti zote na kumwaga zege la nondo, limalizike. Lilikataliwa kwa sababu mbili. Zege lingekaa kama sinia la chuma juu ya kuta laini, kuta zikitikisika kwa namna yake na zege kwa namna yake. Na nyumba iliyofunguliwa ili watu waone namna watu wa karne ya 19 walivyojenga ingebaki na ngozi bila mifupa. Boriti za chumba kile zilikuwa 19, saba kati yake zikiwa na ncha zilizooza. Tuliamua kubakiza shina zima la kila boriti inayofaa na kuiunganishia mwenzake mpya ubavuni. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, na kazi yoyote katika nyumba ya Mji Mkongwe inataka kibali, kwa hiyo vibali viwili vilifuatiliwa sambamba. Kungoja kwake kulituudhi wakati ule, ingawa sasa naona ndiko kulikotuokoa na haraka nyingine.

Matokeo

Lipu ya Mei ilianza kuanguka Septemba. Haikuanguka yote: kipande cha meta tatu hivi karibu na pembe ya kaskazini, kikiwa kimelowa nyuma kama sifongo, wakati jua la kiangazi likiwaka nje.

Hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi iliyopaswa kuwa ya kwanza. Tulichora kwa penseli ukingo wa doa la unyevu ukutani, tukaandika tarehe. Kila Jumatatu mstari mpya. Doa la mvua hurudi nyuma kukiwa kukavu. Hili halikurudi hata kidole kimoja kwa wiki tano. Maji yalikuwa yakiingia kila siku, mvua iwepo isiwepo.

Babu ndiye aliyekumbuka. Zamani za wapangaji, upande ule palikuwa na choo cha familia moja, na bomba lake lililetwa kutoka nyumba ya pili kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na tangi. Choo kilibomolewa. Bomba je? Hakujua. Tulikwenda kwa jirani, Babu mbele, sisi nyuma. Aliyepiga hodi ni yeye, aliyeulizia hali za watoto na mgonjwa wa nyumba ile ni yeye, na suala la bomba lilikuja baada ya kahawa. Ningeingia mimi na faili langu, nadhani tungezungumzia nani atalipa. Bibi mwenye nyumba alikubali kufunga koki ya bomba la zamani kwa siku kumi, kuona tu. Kufikia Jumatatu ya pili mstari wa penseli ulikuwa umerudi nyuma upana wa kiganja.

Bomba lilikatwa na kuzibwa. Ukuta uliachwa uchi, bila lipu, mpaka kiangazi cha mwaka uliofuata. Wageni waliingia na kuona mawe matupu, na wapo waliolalamika kwamba wamelipia kuona nyumba mbovu. Julai, upepo wa kusi ukiwa umetulia katika ukavu wake, chokaa iliyokuwa imezimwa na kulowekwa miezi kadhaa ilipakwa kwa tabaka tatu nyembamba, ikafunikwa kwa magunia yanayonyunyizwa maji asubuhi na jioni ili isikauke haraka ikapasuka. Juu yake chokaa ya maji tu, hakuna rangi ya plastiki.

Orofa ya juu ilifunguliwa tena baada ya masika mengine kupita na vioo vya nyufa kubaki vizima. Ncha za boriti hazikuzibwa kwa zege kama zamani, zimeachiwa nafasi ya hewa ukutani, na tatu kati yake zina kidirisha kidogo cha ubao ambacho fundi hukifungua mara moja kwa mwaka na kuchomeka bisibisi yake. Samadari haikurudi juu. Ilikuwa nzito, na imekaa orofa ya chini tangu wakati huo.

Kuna kilichopotea. Chini ya simenti, kwenye chumba cha kuingilia, palikuwa na ukanda wa nakshi ya chokaa, maua na kamba zilizosokotana, ambao hakuna kumbukumbu yoyote iliyoutaja. Simenti ilikuwa imeung'ang'ania. Fundi alitumia siku mbili kwenye kipande cha urefu wa mkono, kikatoka nusu. Sehemu iliyobaki ilibanduka na simenti, ikavunjika chini.

Uchambuzi

Kosa kubwa si simenti ya mwanzo. Walioipiga walitumia kilichopatikana na kilichosifiwa, na wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Kosa ni mpangilio wa kazi: tuliponya doa kabla ya kujua maji yanatoka wapi, na tulifanya hivyo kwa sababu bajeti iliandikwa na mtu aliyeliona doa. Sasa ninapoombwa kusaidia andiko la nyumba ya aina hii, nataka mstari wa uchunguzi wa mwaka mzima, masika, kiangazi na vuli, kabla ya mstari wowote wa lipu. Wafadhili hawaupendi, kwani hauna picha ya kabla na baada.

Kosa la pili lilijificha vizuri zaidi. Dalili zote zilionekana na watu wa nyumba miaka kabla ya siku ya meli, na kila moja iligeuzwa kuwa kazi. Unga uligeuka kufagia, mlango ukageuka kuranda, vikombe vikageuka mzaha wa matembezi. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, na kwa kuifanya vizuri akaifuta dalili. Hapakuwa na daftari la nyumba ambamo msimamizi, seremala na mtembezaji wangeandika ukurasa mmoja. Wangeandika, mtu yeyote angeona kwamba ukuta unaopukutika, mlango unaokwaruza na kabati linalolia viko upande mmoja wa nyumba, kimoja juu ya kingine.

Kilichofaulu zaidi kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote. Tulimwomba Babu asiutupe unga. Alifagia kama kawaida, ila akautia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, kopo moja kwa kila ukuta, na kuandika tarehe kopo linapojaa. Kopo la ukuta wa kaskazini lilijaa kwa siku nne wakati wa masika ya kwanza. Baada ya bomba kukatwa lilichukua wiki mbili. Sasa linachukua zaidi ya wiki saba, na unga bado haujakoma, wala sitarajii ukome karibuni. Chumvi ya miaka 40 haitoki kwa msimu mmoja. Nilikuwa na kipimo cha unyevu cha kidijitali, lakini chumvi ilikivuruga, kikasoma maji pasipo maji. Kopo halikuvurugwa na kitu.

Kuhusu idadi ya wageni, 12 imebaki kuwa 12, ingawa hesabu tuliyoifanya baadaye ingeruhusu zaidi. Kundi dogo linauliza maswali. Kipande cha ukuta cha upana wa mita moja kiliachwa bila lipu kwa makusudi, mawe, udongo na ncha ya boriti vikionekana, na malalamiko kuhusu nyumba mbovu yakaisha kadiri mtembezaji alivyoanza kukieleza. Alama ya simenti ya zamani bado ipo pale pembeni, na kijana huionesha bila kumlaumu mtu.

Jambo moja halijamalizika. Gata za paa zinahitaji kusafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli, na kila mwaka fedha za kazi hiyo huchelewa, kwa hiyo kila mwaka Babu, umri wake wote ule, hutafuta kijana wa mtaani wa kumpandisha ngazi.

Vikombe vimerudi kabatini chumba cha juu. Mwaka jana mtu mmoja wa maonesho alipendekeza vitandikiwe kitambaa chini ili visigongane na kupata madoa ya mipasuko. Tulikataa. Mtembezaji ameagizwa kwamba vikilia asimamishe maelezo, ahesabu watu, aandike daftarini.